Mtani Wangu na Mkanda wa Nane

Nilimkata mtani wangu vidole viwili kwa kompyuta. Sikuwa na panga wala kisu. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwake, nikabonyeza kitufe kimoja, basi. Watu wengi wameniambia ilikuwa ajali. Mkaguzi wa usalama kazini aliandika ajali. Mke wangu anasema ajali mpaka leo, na akisema hivyo huwa anaangalia pembeni. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza kama ulikuwa utani au ilikuwa hasira, na huyo ndiye mwenye vidole.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Yeye ni Mngoni wa Songea. Kwa asiyejua, babu zetu walipigana vita vibaya. Walichinjana, wakachomeana vijiji, wakanyang'anyana ng'ombe na wanawake, mpaka pande zote mbili zikachoka. Walipochoka waliweka mikuki chini wakaachiana matusi. Tangu hapo Mngoni anaruhusiwa kumtukana Mhehe mbele ya wakwe zake, kumpokonya chakula mdomoni, hata kumfanyia vituko akiwa na msiba, na Mhehe haruhusiwi kukasirika. Na Mhehe naye ana haki hiyo hiyo kwa Mngoni. Sharti la utani ni hilo moja. Ukikasirika, umeokota mkuki.

Tulikutana Stockholm, kwenye mafunzo ya ufundi wa umeme, wakati wa chakula cha mchana. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Iringa. Alichukua uma, akachoma kofta kwenye sahani yangu, akaitia mdomoni, akatafuna huku akinitazama usoni.

"Ndiyo maana mbwa wamepungua hapa mtaani," akasema. Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, Wangoni kula panya.

Nikamkamata ukosi wa shati nikamvuta juu ya meza mpaka maziwa yakamwagika. "Mla panya mkubwa we! Nani kakufundisha kutumia uma?"

Mswidi tuliyekaa naye aliinuka mbio kumtafuta mwalimu. Aliporudi naye walitukuta tumekumbatiana, tunacheka mpaka machozi yanatutoka. Mwalimu aliuliza kwa upole kama tunahitaji kuzungumza na mtaalamu.

Nina hasira, sifichi. Nimewahi kupiga teke mlango wa lifti pale Fittja, mtaa ninaokaa, mpaka ukapinda, kisa umechelewa kufunguka. Wahehe tunasemwa kwa hasira na kwa kujinyonga, na huyu Mngoni hakuniachia hata siku moja. Kila nilipoanza kufoka kazini alikata kipande cha waya, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Chukua ndugu yangu. Kuna mti mzuri nje, karibu na maegesho." Nami nikicheka, hasira imekwisha. Mke wangu alikuwa akisema yule mtu ananitibu kuliko daktari yeyote.

Tuliajiriwa na kampuni moja, timu moja. Yeye alihamia Vårby gård, mimi nilibaki Fittja, vituo viwili tu kwa treni. Kazi yetu ilikuwa kuvipa anwani vifaa vya viwandani. Ukiona mkanda unabeba mizigo kiwandani, ujue pembeni yake kuna kisanduku kinachoendesha mota, na kisanduku hicho hupokea amri kwa waya kutoka kwenye kabati kuu la umeme. Ili amri ifike panapotakiwa, kila kisanduku kinapewa anwani yake, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Tatu za mwanzo hufanana kiwanda kizima. Ya mwisho ni ya kisanduku kimoja peke yake, na ukiikosea hiyo, amri ya huyu anaipokea yule.

Vikitoka kwa mtengenezaji havina anwani. Unaviona kwenye kompyuta vimejipanga, vyote sawa, hujui kipi ni kipi. Kwa hiyo unachagua kimoja, unakiamuru kikonyeze. Taa yake ndogo inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mwenzako anatembea kando ya mashine anaitafuta, akiiona anapiga kelele namba ya mkanda, nawe unaandika anwani. Aliye kwenye kompyuta haoni kitu. Anaiamini sauti.

Tukautia utani humo humo. Taa ya tatu inakonyeza, yeye anapiga kelele, "Tano!" Mimi naandika. Nikija kujaribu mkanda wa tano, unaondoka wa tatu kwa kishindo, na Mngoni anajishika mbavu. "Mhehe kipofu! Mpelekeni hospitali ya macho!" Kesho yake namngoja aende chooni, nabadilisha namba za mikanda miwili, akirudi kujaribu anaonekana mjinga yeye. Tulikuwa na masharti mawili. Hatufanyi kama kuna mtu karibu na mkanda. Na haiishi siku kabla hatujasahihisha kila kitu na kujaribu mikanda yote pamoja, mmoja mmoja. Miaka kadhaa hatukuyavunja. Msimamizi wetu, Mswidi mtaratibu aliyekuwa akisafisha miwani kila akitaka kufikiri, hakujua lolote. Angejua angetufukuza sote wawili, na angekuwa na haki.

Kiwanda ninachokisimulia kilikuwa cha kufua nguo za hospitali, kusini ya jiji. Wanaosema kufua ni kazi laini hawajakiona. Mashuka yanaingia upande mmoja kwa tani, yanapigwa, yanapikwa, yanabamizwa na shinikizo la chuma linaloshuka kutoka juu mpaka maji yanatoka kwa ukelele na sakafu inatetemeka chini ya buti. Yakitoka hapo ni bonge moja gumu, jeupe, na mikanda kumi na miwili inalibeba hadi kwenye mashine za kukaushia. Mikanda hiyo kumi na miwili ndiyo iliyokuwa yetu. Kila mmoja una swichi yake ya kukatia umeme, na unatakiwa kuifunga kwa kufuli lako kabla hujatia mkono ndani. Makufuli tulikuwa nayo mifukoni. Siku za majaribio tuliyaacha humo humo mifukoni, maana ukifunga na kufungua kila mara humalizi kazi. Tulipigiana kelele tu. "Salama?" "Salama, piga!"

Katikati ya kazi hiyo mama yangu akafa.

Mama hakuwahi kuonana na mtani wangu, lakini walikuwa wakitukanana kwa simu kila Jumapili. Mama akipiga, hanisalimii mimi. "Yuko wapi panya wangu?" Mngoni ananipokonya simu. "Shikamoo, mama mla mbwa!" "Marahaba, shimo lako lina baridi huko?" Wanaendelea hivyo nusu saa, mimi nimekaa mikono mitupu kama mgeni nyumbani kwangu.

Msimamizi hakunikataza kwenda kumzika. Hili sijawahi kulisema waziwazi. Alisafisha miwani, akaniuliza kama nadhani naweza kumaliza kwanza, kwa kuwa mpangilio wa namba nilikuwa nao mimi kichwani. Nikasema naweza. Nilisema upesi, kwa sauti ya mtu mwenye kazi muhimu. Basi mama yangu alizikwa Jumatano, na mimi nilitazama kwenye simu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya chumba cha umeme. Picha ilikuwa ikikatika. Mngoni alisimama nje ya mlango akiwazuia watu wasiingie. Fundi mmoja wa mabomba alitaka kupita kwa nguvu, nikasikia akisukumwa mpaka akagonga ukuta.

Jumamosi tukakaa msiba nyumbani kwangu Fittja. Watanzania walikuja, Wakenya, Wakongo wa kanisani, viatu vikajaa mpaka kwenye ngazi. Na mtani akaja kama desturi inavyomtaka. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani, ameshika mwavuli kama mkongojo, anachechemea, simu sikioni.

"Haloo! Haloo! Yuko wapi panya wangu?"

Ilikuwa sauti ya mama. Haikufanana nayo, ilikuwa yenyewe, na ile kukohoa kidogo mwishoni. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Akajilaza katikati ya sebule, mikono kifuani.

"Jamani, mimi nimeshalala. Nimemwona padri. Nimemwona jirani. Hata yule mwizi wa kuku wangu nimemwona, amekuja na koleo. Mwanangu simwoni!"

Watanzania wanajua kuitikia. "Yuko Ulaya, mama!"

"Anafanya nini huko?"

"Anafanya kazi!"

"Kazi gani hiyo isiyomwachia mtu amzike mama yake?" Akainuka kwa kiwiko, akaniangalia. "Aa, nimekumbuka. Anazipa mashine anwani. Mashine zote za Wazungu zina anwani. Kaburi langu tu ndilo hajui liko wapi."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, nikatoa meno yote. Kisha nikaenda jikoni, nikashika glasi, nikaibana mpaka ikavunjika mkononi. Damu ikatiririka kwenye sinki. Mke wangu aliingia, akautazama mkono wangu. "Umekasirika," akasema. Nikamwambia glasi ilikuwa mbovu. Laiti ningerudi sebuleni nikamvuta pembeni nikamwambia, bwana wee, hilo limeniingia, tungelimaliza. Lakini kumwambia mtani kwamba amekuumiza ni kama kuvua nguo hadharani. Nikafunga kitambaa mkononi, nikarudi, nikamimina chai. Yeye alibaki mpaka mwisho, akaosha vyombo vyote, na masufuria.

Jumatatu jioni tulijaribu mikanda yote kumi na miwili pamoja. Kila anwani ilikuwa mahali pake. Jumanne nilifika kazini kabla yake. Nikafungua kompyuta, nikaipa anwani ya mkanda wa saba kwa wa nane, na ya wa nane kwa wa saba. Ilichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Nilijiambia namtania. Lakini sikucheka, na miaka yote ya utani wetu sikuwahi kuzibadilisha bila kucheka peke yangu.

Nilijua atakuwa wapi. Msimamizi alikuwa amemwagiza arekebishe jicho la mkanda wa nane, kile kifaa kinachotambua kwamba bonge la mashuka limefika. Nilijua atasimama pale pale, na nilijua atanisikia nikisema saba na hatajali. Nilitaka mkanda uruke mbele ya uso wake. Nilitaka aanguke kitako mbele ya Waswidi, aone aibu, aogope mpaka moyo umpasuke. Nilitaka apige kelele. Kwamba alikuwa ameingiza mkono chini ya mkanda, karibu na rola, lile gogo la chuma linalouzungusha mkanda, kutoa uzi uliokuwa umelikinga lile jicho, hilo sikulijua. Wala sikuuliza.

"Najaribu saba!" nikaita. "Salama?"

"Salama! Piga, mla mbwa!"

Nikapiga.

Mkanda wa nane uliondoka kwa ule mshtuko wake wa kwanza unaong'oa kitu kizito. Nilisikia mlio mfupi wa kitu kikavu kuvunjika, kisha ukelele. Hakupiga kelele kwa Kiswahili wala kwa Kiswidi. Alimwita mama yake kwa Kingoni.

Nilikipiga kitufe chekundu kwa ngumi mpaka kifuniko chake kikapasuka. Mkanda ukasimama, lakini ulisimama na mkono wake ndani, kwa kuwa umeme ukikatika breki ya rola inabana. Nilimkuta amepiga magoti, bega limegandamizwa kwenye chuma, macho yamegeuka meupe. Nikashika rola kwa mikono yangu nikataka kuizungusha nyuma. Haikwenda. Nikavuta mpaka kucha zikaachana na nyama. Alinipiga teke la kifua, nadhani bila kujua ni mimi, nikadondoka chali, nikainuka, nikaishika tena. Msimamizi alikuja mbio na spana, miwani imemtoka, akafungua breki huku anatukana, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitukana. Rola ikazunguka. Mkono ukatoka. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi. Lile bonge la mashuka la majaribio lilikuwa limesimama pale pale juu ya mkanda, jeupe, na damu ilikuwa inaliingia taratibu kutoka chini. Niliufunga mkono wake kwa shuka moja nikakaza kwa nguvu zangu zote, akaning'ata begani. Alama ya meno ninayo hadi sasa.

Alipoingizwa kwenye gari la wagonjwa nilirudi kwenye kabati, nikaupiga mlango wake kwa ngumi, mara nyingi, mpaka ngozi ya vifundo ikachanika. Waliokuwepo waliniacha nilie. Walidhani namlilia mwenzangu. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Lakini gari lile halijatoka hata uwanjani nilikuwa nimeshafungua kompyuta na kurudisha namba ya saba kwenye saba, ya nane kwenye nane. Niliacha damu kwenye vitufe, nikaifuta kwa mkono wa koti.

"Vem satte adresserna?" msimamizi aliniuliza alasiri hiyo. Nani aliweka anwani?

"Mimi," nikasema. "Angalia mwenyewe. Ziko sawa."

Akaangalia. Zilikuwa sawa.

Mkaguzi alimkuta mtani wangu kitandani hospitalini. Yeye ndiye mtu pekee duniani aliyejua, maana alisikia saba, akauona wa nane ukiondoka, na jana yake tulikuwa tumejaribu yote pamoja. Akamwambia mkaguzi kwamba huenda yeye mwenyewe alisikia vibaya, na kwamba hakufunga swichi kwa kufuli, kosa lake. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye kiti. Nilingoja mkaguzi atoke, nikangoja Mngoni aniambie waya uko wapi na mti uko wapi. Alitazama dirishani akaniuliza kama mvua imeacha.

Alipotoka hospitali nilikaa wiki mbili bila kwenda kwake. Wiki ya tatu akanitumia ujumbe wa neno moja. Njoo.

Mke wake ni Mkongo wa Bukavu. Ndiye aliyenifungulia mlango, na hakuniambia karibu. Alinizuia pale pale kwenye korido, mkono mmoja ukutani.

"Njo wewe ulikuwa na ordinateur," akasema. Alimaanisha kompyuta, na halikuwa swali. "Sasa unieleze mimi. Banasema ni accident. Bwana yangu anasema ni accident. Mbona analala macho wazi?"

Nikasema shemeji, naomba nimwone.

"Mie nilimukataza kuenda kwako na kitenge ku kichwa. Kwetu mutu hachezake mu kilio. Akasema ni lazima, asipoenda ni haya." Sauti yake ikapanda mpaka binti yao akachungulia. "Asubuhi ile alilia hapa, kwa ile kiti. Alilia mama yako kama mama yake. Kiisha akafunga kitenge, akaenda kuchekesha batu. Sasa angalia!" Akanisukuma kifuani kwa viganja viwili, nikagonga mlango kwa kisogo. Kisha akaondoka akaniacha nipite.

Mtani wangu alikuwa amekaa sebuleni, mkono umefungwa bendeji, umelazwa juu ya mto. Niliketi sakafuni, kama kawaida yetu, karibu na miguu yake.

"Nina swali moja," akasema. "Sitauliza mara mbili, na ukijibu sitalirudia kwa mtu yeyote. Siku ile, ulikuwa unanitania au ulikuwa umekasirika?"

Nilijua maana ya swali. Ningesema nilikuwa natania, basi ni ajali ya utani. Angenidai mbuzi, tungemchinja tukamla, angenitukana mpaka siku ya kufa kwake, na kila akishika kijiko angenionyesha mkono ule na kusema, angalieni, Wahehe wameshinda vita. Ningekuwa na mtani wangu. Ilinitosha kusema neno moja, na yeye alikuwa amenifungulia mlango niliseme. Niliona usoni mwake kwamba anataka niliseme.

"Nilikasirika," nikasema.

Akaniinamia.

"Kwa ajili ya kaburi?"

"Kwa ajili ya kaburi. Kwa sababu ulisema kweli."

Akanipiga. Hakutumia mkono mzima, alitumia ule ule, kwa nguvu zote, kwenye shavu. Nilisikia meno yakigongana na damu ikaingia mdomoni, na yeye akatoa mlio wa maumivu kuliko mimi. Doa jekundu likaanza kutokea kwenye bendeji. Sikuinua mkono. Nilimngoja anipige tena, nilitamani anipige tena, animalize pale pale kwenye zulia. Alirudisha mkono wake juu ya mto, akaulaza taratibu kwa kutumia ule wa kushoto.

"Nenda nyumbani, bwana," akasema.

Hakuwahi kuniita bwana. Alikuwa ameniita mbwa, mwizi, kipofu, maiti inayotembea, shoga wa fisi. Niliinuka, nikavaa viatu, nikatembea kwa miguu mpaka Fittja badala ya kupanda treni, na njia nzima nilikuwa natema damu kwenye theluji.

Kesho yake nilimwambia msimamizi kila kitu. Alisafisha miwani kwa muda mrefu, akasema alipaswa kunifukuza, ila naye ndiye aliyeniomba nibaki wakati wa msiba. Nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa kwenye kompyuta, na faili la mkaguzi likabaki lilivyo. Sasa navuta nyaya darini na kwenye mashimo ya sakafu. Sigusi anwani. Mtani wangu alipata kazi nyingine ya mezani, ya kuchora mipango ya umeme, na wanasema anachora vizuri kwa mkono wa kushoto.

Mwaka ukapita. Sikumpigia, hakunipigia. Wakati fulani nikiwa kazini nilianza kufoka kwa sababu ya waya ulionaswa, nikasimama katikati ya matusi nikingoja mtu anikabidhi kipande kwa mikono miwili. Kijana wa Kipolandi niliyekuwa naye akaniuliza kama naumwa.

Halafu habari ikaja kwenye kundi letu la simu. Baba yake amefariki Songea. Atakayeweza afike Vårby gård Jumapili mchana.

Mke wangu hakuniuliza kama nitakwenda. Alinitolea kitenge. Nilikaa Jumamosi nzima nikimkumbuka yule mzee kwa hadithi za mwanawe, polisi mstaafu aliyekuwa akiwapigia paredi kuku wake na aliyekoroma mpaka majirani wakahama. Nilijizoeza kukoroma. Nilijizoeza kupiga saluti kwa jogoo. Nilitafuta koti kuukuu na kofia, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitenge. Nikasema hata akinifukuza, hata akinipiga mbele ya watu, nitalala katikati ya sebule yake na nitamfanya acheke kwa ajili ya baba yake, kama alivyonifanyia. Hiyo ni kazi yangu. Hakuna Mhehe mwingine anayemjua hivyo katika jiji hili zima.

Niliposhuka kituoni nilikwenda moja kwa moja kwao. Mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa. Wa kwanza kuniona alikuwa mama mmoja wa Mbeya.

"Jamani Mhehe kaja!" akapiga kelele. "Leo tutakoma!"

Watu wakaanza kucheka kabla sijafanya chochote. Waliokaa kwenye zulia wakasogea, wakaacha nafasi katikati, wanajua mtani anahitaji nafasi. Mtu mmoja aliita, "Mzee amelala, njoo umwamshe!" Nikatia mkono kwenye mfuko nikashika ile kofia.

Yeye alikuwa amekaa pembeni na wazee wa kanisa. Aliinuka. Alivuka ile nafasi waliyoiacha, akaja mpaka mlangoni, akanipa mkono wa kulia. Niliushika. Vidole vitatu, na ngozi ngumu mahali pa viwili.

"Karibu sana, bwana," akasema. "Pole na safari."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Alivuta kiti, kiti kizuri cha mezani, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka karibu na dirisha, mbali na watu wa zulia. Akanionyesha nikae. Kisha akamwita binti yake, akamwambia amletee mgeni chai.

"Asante kwa kuja," akaniambia. "Umejisumbua."

Nikakaa. Mfuko niliuweka chini ya kiti, nikaubana kwa visigino. Binti akaleta chai na maandazi mawili kwenye sahani, akaniuliza kama natumia sukari. Nikamwambia ndiyo, vijiko viwili, asante. Nikanywa chai yote, nikala maandazi yote mawili, na hakuna mtu aliyenipokonya.